Tabia ya Kuahirisha, na Mashamba Yaliyobaki kwa Majina ya Marehemu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutuma tuseme maneno machache juu ya tabia ya kuahirisha mambo. Hatukutumwa kusema juu ya ada za mwezi. Mweka Hazina amekwisha kusoma hesabu zake, na kila mtu ameyasikia yaliyompasa. Neno letu lahusu nyumba zetu za mashambani, na watoto watakaokaa ndani yake sisi tusipokuwapo.

Kwanza yafaa tuseme neno la kukisifu chama hiki, kwa kuwa ni la kweli. Panapo msiba, sisi hatujui kuchelewa. Habari ya kifo ikifika jioni, usiku ule ule simu zapigwa. Asubuhi daftari la michango limefunguliwa. Na kabla ya wiki mbili kwisha jeneza limenunuliwa, gari limekodiwa, na maiti yuko njiani kwenda kwao. Hatujasikia hata siku moja mwanachama akisema, "Marehemu tutamzika mwakani, tukipata nafasi." Lakini mkiuliza habari za shamba la marehemu yule yule, na akiba yake ya ushirika, na kitabu chake cha benki, jibu ni moja: "Tutashughulikia." Neno hilo limekaa katika nyumba nyingine miaka kumi, na katika nyingine miaka thelathini, nalo bado ni jipya kama siku lilipotamkwa.

Basi hatuwezi kusema kwamba tu watu wavivu, maana watu ni wale wale, mishahara ni ile ile, na siku za juma ni zile zile saba. Yafaa tuulize ni kwa nini jambo moja halilali hata usiku mmoja, na jingine lalala kizazi kizima. Sisi twaona hivi: maziko yana siku yake, yana watu waliotajwa kwa majina kuyatengeneza, na yana macho ya watu wote. Mirathi haina siku, haina mtu aliyetajwa, wala hakuna anayetazama. Jambo lisilo na siku wala mwenyewe huenda likakaa katika kesho, na kesho haina mwisho.

Wazee waliopo hapa wakumbuka wenyewe, au walisimuliwa na baba zao, jinsi mashamba yalivyopimwa. Mpango ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton ulitolewa mwaka 1954, na katika miaka iliyofuata vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa na kuandikishwa, hasa katika Mkoa wa Kati. Kisha kazi hiyo ikaenea sehemu nyingine za Kenya, na sheria ya ardhi iliyoandikishwa ikatungwa mwaka 1963. Shamba likaandikwa kwa jina la mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa baba wa nyumba. Zamani, mzee alipofariki, ukoo ulijua sehemu ya kila mke na kila mwana kwa mti, kwa jiwe na kwa kijito, hapakuhitajiwa karatasi. Lakini daftari la ardhi halijui mti wala jiwe. Lajua jina, na jina likiisha kuandikwa halitoki mpaka mtu aende akaliondoe kwa njia ya sheria. Sheria ile ya 1963 ilifutwa mwaka 2012, na nyingine ikashika mahali pake. Majina yale ya zamani hayakufutwa pamoja nayo. Hata leo yamo.

Tuchukue mfano, wala tusimtafute jirani yeyote ndani yake, kwa sababu ni mfano tu. Mzee aliandikishiwa ekari nane mwaka 1960, akafa mwaka 1984, akiacha wana wanne na mabinti watatu. Wana waliendelea kulima, kila mmoja upande wake, kwa amani, na kwa sababu ya amani ile hakuna aliyeona haja ya kwenda ofisini. Baadaye wawili kati yao wakafa nao. Wajukuu walioachwa na wale wawili peke yao ni kumi na tisa: wengine wako Nairobi, wengine Mombasa, mmoja yuko Arabuni kazini, na mmoja hajulikani aliko. Jambo ambalo mwaka 1984 lilitaka mapatano ya watoto saba na mama yao, leo lataka ya watu ishirini na wanne, ambao baadhi yao hawajawahi kuonana. Wazee waliojua mipaka wamezikwa. Cheti cha kifo cha babu hakikuchukuliwa, na hata mwezi aliokufa wabishaniwa. Sasa mjukuu mmoja ataka mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa. Benki yamwuliza hati ya shamba. Naye apeleka hati yenye jina la mtu ambaye hakumwona kwa macho. Arudishwa nyumbani na hati yake.

Hapo hakuna aliyeiba wala aliyetukana mtu. Ni kuahirisha tu. Na hiyo ndiyo nyumba yenye bahati, maana katika nyumba nyingine mtu mmoja huenda kimya kimya akaomba hati ya usimamizi kana kwamba yeye ndiye mtoto wa pekee, na wenzake huja kupata habari siku mgeni afikapo na mbao za kujengea ua. Sheria yaruhusu hati iliyopatikana kwa kuficha ukweli ifutwe. Lakini kufutwa huko ni kesi, na kesi ni miaka na ni fedha.

Sheria yenyewe yasemaje? Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yasema kwamba mtu asiye na idhini asiguse mali ya marehemu kwa kuiuza wala kuigawa, na anayefanya hivyo aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Wenye kutaka kusimamia mali huomba mahakamani. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikisha kutolewa, hungojewa miezi sita, ndipo huthibitishwa na mali kugawanywa. Na msimamizi asiyerudi mahakamani kuomba uthibitisho huo katika mwaka mmoja aweza kunyang'anywa hati yake. Ndugu zetu Waislamu wana njia yao kwa Kadhi, na fungu la kila mrithi wamekwisha kuwekewa. Kwao lililobaki ni kwenda tu. Twajua kwamba mahakama zina kesi nyingi na kwamba tarehe husogezwa mbele. Walakini, hata tukiihesabia mahakama uzito wake wote, haiwezi kubeba lawama ya miaka thelathini ambayo sisi hatukubisha hodi mlangoni pake.

Sasa tuje kwenye sababu.

Wengine husema ni subira, na hutaja methali kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni njema, lakini yamwonya mtu anayekimbia. Haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyelala. Kwa mtu aliyelala wahenga walitunga nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hiyo hatuisikii sana katika mabaraza yetu.

Wengine huogopa ofisi. Hofu hiyo hatuicheki. Mtu hutoka mbali kwa nauli yake, afika dirishani, aambiwa arudi kesho. Arudi kesho, aambiwa picha zimekosekana. Aleta picha, aambiwa jina lililo katika kitambulisho halilingani na jina lililo katika hati, maana karani wa mwaka 1960 aliandika kwa kadiri alivyosikia. Sisi tulio makarani tumekaa pande zote mbili za dirisha lile, nasi twatoa shauri moja: siku ya kwanza usiombe kufanyiwa kazi, omba orodha nzima ya karatasi zinazotakiwa, uiandike mwenyewe papo hapo, na uisome kwa sauti mbele ya yule aliyekupa. Safari tatu huokolewa hapo.

Wengine huogopa kifo chenyewe. Mzee akiambiwa aandike wasia, hudhani wanawe wamechoka naye. Twasema kwa heshima nyingi: desturi zetu hazikumkataza mzee kusema neno la mwisho. Wazee wa zamani waliwaita wana, wakaketi chini ya mti, wakasema, "Huyu achukue upande wa mto, na huyu upande wa njia." Watu waliyashika maneno yale kuliko karatasi. Lakini yafaa kila mzee ajue jambo hili: kwa sheria ya sasa, wasia wa mdomo wataka mashahidi wawili au zaidi, na hauna nguvu ila aliyeusema akifariki katika miezi mitatu tangu siku aliyousema. Basi mzee aliyesema maneno yake chini ya mti, kisha Mungu akamjalia miaka minne zaidi, amekufa bila wasia, ingawa kijiji kizima kilimsikia. Wasia wa kuandikwa hauna mwisho huo. Mwenyewe hutia sahihi, au alama yake kama hajui kuandika, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao. Afadhali mashahidi wasiwe warithi, kwa maana shahidi aliyeandikiwa kitu ndani ya wasia aweza kukikosa. Akibadili nia mwakani, aandike mwingine. Hatujaona popote kwamba wino umemwua mtu.

Sababu ya nne ndiyo tuliyoombwa na wajumbe wengine tusiiseme, na wengine wakasema isiposemwa hotuba hii haina kazi. Mara nyingi kuahirisha kuna mwenye kufaidika. Katika nyumba isiyogawanyika, yuko mmoja anayelima sehemu kubwa kuliko haki yake, au anayepokea kodi ya vyumba vya sokoni, au anayeuza majani chai kwa namba ya marehemu. Kila mara ndugu wakitaja mirathi, yeye ndiye asemaye kwa upole, "Tumpe mama amani kwanza," au, "Tungoje kaka arudi." Ndugu hujiona wameshauriana, kumbe wamekubali shauri la mtu mmoja. Hatusemi kila asemaye hivyo ana hila. Twasema tu kwamba katika kikao cha ukoo yafaa mtu aulize waziwazi: tukingoja mwaka mwingine, ni nani apataye, na ni nani akosaye?

Na anayekosa, mara nyingi, ni mjane na binti. Tangu sheria ile ianze kutumika mwaka 1981, na zaidi tangu Katiba ya 2010, mtoto wa kike ni mrithi wa baba yake sawasawa na wa kiume, awe ameolewa au hajaolewa. Barua ya chifu yataka majina ya watoto wote. Tunajua nyumba ambazo karatasi zimekaa sandukuni kwa sababu hiyo tu: akina kaka hawataki kuyaandika majina ya dada zao, wala hawana ujasiri wa kuyaficha, basi hawaandiki kabisa. Wazee wetu wanaweza kuwa na mawazo mbalimbali juu ya jambo hili, na chama si mahakama. Lakini kutoandika hakuiondoi haki ya dada. Kwawapelekea tu wajukuu ugomvi ambao babu zao walikuwa na uwezo wa kuutuliza kwa siku moja, wakiwa wangali na heshima ya kusikilizwa.

Tuongeze neno juu ya wanaonunua ardhi, kwa kuwa wanachama wengi sasa wanunua. Shamba la kilimo lililo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya 1967 halihamishwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yatakiwa yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano yafanywe. Mtu anunua, alipa, atia ua, apanda mahindi, ajenga hata choo, na kwa bodi asema atakwenda akivuna. Miezi sita ikipita, sheria yahesabu mapatano yale kuwa batili, na haki yake ni kudai fedha alizolipa. Mahakama yaweza kuongeza muda kwa sababu njema, na majaji wamewahi kuwaokoa wanunuzi wengine kwa njia ya haki na insafu. Lakini ni nani kati yetu apendaye kujenga nyumba juu ya tumaini la kuokolewa? Na anayenunua kwa mtoto wa marehemu, kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa, amenunua maneno.

Kadhalika fedha. Akiba iliyolala benki miaka mingi bila mwenyewe kusikika hukabidhiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Haipotei, warithi wanaweza kuidai. Lakini ni lazima kwanza wajue kwamba ipo. Na katika vyama vya akiba na mikopo iko fomu ya kumtaja atakayelipwa mwanachama akifa. Wengi waliijaza wakiwa vijana, wakamtaja mama. Mama alikwisha kufa, wao wameoa na wana watoto watano, na fomu ni ile ile. Kuibadili ni kazi ya robo saa.

Dawa ya tabia hii si kujilaumu. Mtu aliyejilaumu sana jioni huamka asubuhi amechoka, na huahirisha tena. Sisi twaona dawa ni kulipa jambo hili vitu vile vile ambavyo maziko yanavyo. Kwanza lipewe siku, tena iwe siku ya kazi ndogo. Mtu akisema, "Nitashughulikia mirathi ya baba," hajasema kitu. Akisema, "Jumanne saa tatu asubuhi nitakuwa kwa chifu kuomba barua," amekwisha kuanza. Barua ya chifu, cheti cha kifo, na upekuzi wa daftari la ardhi ili kujua shamba lasomeka kwa jina gani: hizo tatu haziwahitaji ndugu wote kukubaliana juu ya mipaka, na anayengoja mapatano kamili ndipo aanze atangoja sana. Pili, asiende peke yake. Mtu akiwa peke yake huridhika upesi na neno "rudi kesho". Wakiwa wawili, mmoja huona haya mbele ya mwenzake. Tatu, awepo wa kuuliza.

Hapo ndipo chama kinapoingia, na Halmashauri yaleta maazimio mawili mbele yenu.

La kwanza: baada ya kila maziko, siku ya kufunga hesabu za michango, familia itaombwa kuwataja watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakaofuata karatasi za marehemu, na siku watakayoanza. Majina yao yataandikwa katika daftari la chama. Katika mkutano wa mwezi wa tatu tangu maziko yataitwa, nao watasema wamefika wapi. Hawatatozwa faini. Wataulizwa tu, mbele ya watu.

La pili litaleta manung'uniko, na afadhali tuyasikie leo. Halmashauri yapendekeza kwamba sehemu ya kila mchango wa maziko isiingie katika chakula wala katika gari la ziada, bali iwekwe kando kwa ajili ya ada za vyeti, upekuzi na maombi ya mahakama, na itolewe kwa wale wawili waliotajwa, kwa risiti. Twajua litakalosemwa: kwamba marehemu ataaibishwa, kwamba fahali wa pili atakosekana, kwamba watu wa upande ule walizika kwa mahema sita. Huenda fahali wa pili akakosekana kweli. Wageni watakula wali na maharagwe wakaenda zao, na mjane atabaki na cheti mkononi. Wanachama wapime wenyewe. Kiasi cha sehemu hiyo tumekiacha wazi, kijadiliwe na mkutano, kwa kuwa wanaochanga ni ninyi.

Kura itapigwa alasiri. Kabla ya hapo, baada ya chakula, meza mbili zitawekwa karibu na mlango wa nyuma. Katika ya kwanza ataandikishwa kila mwanachama mwenye shamba lililo bado kwa jina la marehemu: namba ya shamba, jina la marehemu, na siku atakayokwenda kwa chifu. Katika ya pili kuna karatasi safi na kalamu kwa wapendao kuandika wasia, na wajumbe wanne wamekubali kukaa hapo kuwa mashahidi mpaka saa kumi na moja. Hawatasoma kilichoandikwa, watamwona mwenyewe akitia sahihi, na wao watatia zao. Viti vimepangwa, kwa hiyo wazee hawatasimama katika mstari.